Muulize Daktari: Vidonge vya Kuchangamsha Ubongo Mikononi mwa Vijana

SWALI: Daktari, nimekuta vidonge vinne vimefungwa kwenye karatasi ndani ya mkebe wa kalamu wa mwanangu mwenye umri wa miaka 16. Nilipombana alikiri kwamba hupewa na mwanafunzi mwenzake anayetibiwa ADHD (tatizo la kushindwa kutulia na kukaza fikira), na kwamba humeza kimoja kila anapotaka kukesha akisoma. Anasema kwamba kwa kuwa ni dawa ya hospitali haiwezi kumdhuru. Je, ni kweli? Na je, ubongo wake umeshaharibika? (Mama wa mtahiniwa)

JIBU: Mama, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa naamini ndilo linalokunyima usingizi. Kwa maelezo uliyonipa sioni sababu ya kuamini kwamba ubongo wa mwanao umeharibika. Hata hivyo, hoja yake si sahihi, na ningependa umweleze kwa nini, maana vijana wa umri huo huchoshwa na makatazo matupu lakini husikiliza sababu.

Vidonge wanavyoandikiwa wenye ADHD aghalabu huwa na methilfenidati au amfetamini. Hivi ni vichangamshi, kundi moja na kokeini na methamfetamini, na vyote huongeza dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo fulani lina thamani na linafaa kurudiwa. Methilfenidati na kokeini huziba njia ambayo seli huitumia kuirudisha dopamini ndani baada ya kuitoa. Amfetamini huenda mbali zaidi, kwa kuwa huigeuza njia hiyo hiyo ikawa ya kuimwaga nje. Kinachotenganisha tiba na ulevi hapa ni kiasi na kasi. Kidonge kilichomezwa kwa kipimo alichopanga daktari huipandisha dopamini polepole, ilhali kokeini inayovutwa kama moshi hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na mpando huo wa ghafla ndio unaoufundisha ubongo kuutamani tena. Kwa hiyo kijana anayesaga kidonge na kukivuta puani, au anayemeza vitatu kwa mpigo, ameshatoka kwenye tiba hata kama dawa yenyewe ni ile ile.

Umri nao una uzito wake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi karibu na umri wa miaka 25, wakati sehemu zinazoitikia raha na msisimko huwa zimeshachangamka mapema. Katika miaka hiyo ubongo hupunguza miunganiko isiyotumika na kuimarisha inayotumika, kwa hiyo mazoea ya wakati huo hupata mizizi mirefu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, wakiongozwa na Cecilia Flores, wameonyesha kwamba katika panya baadhi ya nyuzi za seli za dopamini huwa bado zinasafiri kuelekea sehemu ya mbele wakati wa ujana. Panya wadogo walipopewa amfetamini kwa kiasi cha kilevi, ukuaji wa nyuzi hizo ulivurugika, na walipokua walionyesha udhaifu wa kujizuia. Waliopewa kiasi kinacholingana na tiba hawakupata madhara hayo. Panya si binadamu, lakini matokeo hayo yanakubaliana na yale tunayoyaona kwa watu, kwamba kadiri mtu anavyoanza kutumia vilevi akiwa mdogo, ndivyo hatari yake ya uraibu inavyokuwa kubwa.

Sasa kuhusu mtihani wenyewe, ambao ndio ulioanzisha haya yote. Mwaka 2023 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliowapa watu wazima wasio na ADHD dawa za namna hii, kisha ukawataka watatue mafumbo magumu ya kuchagua na kupanga vitu. Walijitahidi zaidi, lakini ubora wa majibu yao ulishuka. Dawa humfanya mtu ajihisi makini, na hisia hiyo ndiyo inayodanganya. Zaidi ya hayo, kijana wa miaka 16 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni katika usingizi ambapo yale aliyoyasoma huimarishwa kwenye kumbukumbu. Anayekesha kwa kidonge anajinyima hatua hiyo.

Kuna hatari nyingine ambazo hazingoji miaka. Daktari aliyemwandikia yule mwenzake alipaswa kuuliza kuhusu moyo na shinikizo la damu. Mwanao hakuulizwa na mtu yeyote. Siku rafiki atakapoishiwa, huenda akanunua mtaani vidonge vya bandia, na katika baadhi ya nchi, ikiwemo Marekani, vidonge vya aina hiyo vimekutwa na methamfetamini au fentanili, dawa kali ya maumivu ambayo huua kwa kiasi kidogo mno.

Nakusihi usimpige wala usimwite mlevi. Muulize alianza kushindwa kusoma lini na kwa nini. Akiwa amekuwa na shida ya kutulia tangu utotoni, apimwe, kwani huenda naye anahitaji matibabu halali. Wala usimchafulie jina yule mwenzake: tafiti zilizowafuatilia watoto wenye ADHD hazikuonyesha kwamba kutibiwa kwa vichangamshi kunawaongezea uraibu baadaye. Kosa lake ni kugawa dawa, na wazazi wake wanapaswa kuelezwa ili wao ndio wazitunze.

SWALI: Nina miaka 19. Nilitumia methamfetamini tangu nikiwa na miaka 17, na sasa nina miezi minne tangu niache. Sisikii raha ya kitu chochote, hata muziki. Je, nitabaki hivi? (Kijana)

JIBU: Mwanangu, kuacha kwa miezi minne ni kazi kubwa, na hali unayoieleza inafahamika vizuri. Methamfetamini huathiri ncha za seli za dopamini, na dawa inapoondoka ubongo hubaki na mwitikio hafifu kwa raha za kawaida. Mwaka 2001 mtafiti wa ubongo Nora Volkow na wenzake waliwapiga picha za ubongo watu wazima waliokuwa wameacha, na wakakuta kwamba visafirisha dopamini, yaani zile njia za kuirudisha dopamini ndani ya seli, vilivyokuwa vimepungua viliongezeka waziwazi baada ya mwaka mmoja au zaidi bila dawa. Kumbukumbu na wepesi wa viungo havikurudi kwa kasi hiyo hiyo, kwa hiyo usijihukumu kwa miezi minne.

Hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahususi kwa uraibu huu. Kinachosaidia zaidi ni ushauri nasaha wa mara kwa mara, hasa mpango unaomtunza mtu kwa zawadi ndogo kila vipimo vyake vya mkojo vinapokuwa safi. Lala na kuamka kwa saa zile zile, fanya mazoezi hata yasipokupa hamu, na mwombe daktari akupime sonona, kwa kuwa hiyo ina tiba yake. Ukipata mawazo ya kujiua, au ukaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mwambie mtu aliye karibu nawe na uende hospitali siku hiyo hiyo.