Kabla hujachora kitu, kaa na fundi atakayekifungua

Wasee mnaotoka chuo na michoro yenu kwa laptopu, karibuni, kazi iko. Mimi niko Kariobangi Light Industries, huu ni mwaka wangu wa nane, natengeneza vyombo vya wafanyabiashara wadogo, toroli za smokie (zile soseji ndogo za kuuzwa barabarani), mashine za kukata chipsi, stendi za mitungi, na kila mwaka lazima kuna wawili watatu watanitafuta wakiuliza waanzie wapi. Jibu langu huwa haliwapendezi. Nawaambia wafunge hiyo laptopu waende wakakae kwa fundi wa kurekebisha, siku tatu nne hivi, wasijitambulishe kama madizaina, washike tu spana na tochi na waangalie vitu vikiletwa vikiwa vimekufa.

Nasema hivi ju mimi nilianzia kule kwingine na nikalipia.

Toroli yangu ya kwanza ilikuwa tamu sana kwa skrini. Stenlesi juu mpaka chini, droo ya makaa ya kuvuta, magurudumu manne madogo ya mpira mgumu niliyoagiza nje, hadi kakipocho ka simu. Nikakopa kwa chama, nikatengeneza sita. Moja ikaenda Roysambu kwa kijana mmoja hapo steji, na baada ya wiki mbili nikapita kumsalimia nikidhani atanisifu. Akaniangalia tu, akasema, "Fundi, hii yako ni ya maonyesho." Nikauliza kwani imefanya nini. Akaishika, akaisukuma, na gurudumu moja likaburuta kwa lami kama mtoto anayepelekwa shule kwa nguvu. Halizunguki. Jivu na maji ya kuchemshia mayai yalikuwa yameingia kwa beringi ikashika kutu, na hiyo beringi ilikuwa saizi ya ajabu, jamaa alikuwa amefunga biashara asubuhi nzima akazunguka nayo Kirinyaga Road duka kwa duka, hakuna aliyekuwa nayo. Hakunipigia ju alijua nitamwambia ngoja mzigo uje.

Si hiyo tu. Mkono wa kusukumia ulikuwa umeachia, na fundi wa hapo karibu akauchomelea na rodi ya chuma ya kawaida maanake hiyo ndiyo alikuwa nayo, na stenlesi ukiichomelea na rodi ya kawaida pale kwa kiungo patashika kutu hata kama kwingine kote kunang'aa. Sasa uko na chombo cha chakula kina mchirizi wa kutu umeshuka mpaka karibu na kachumbari. Nani atakula hapo? Halafu uzito. Msako wa askari wa jiji ukianza, wenye toroli nyepesi wameshakata kona zamani, wangu bado anasukuma kama mtu anahama nyumba.

Hapo ndio nilielewa kitu ambacho darasani tulikipitia juu juu, kwamba kuna mtu wa mwisho anayedizaini kitu chako na si wewe, ni yule fundi wa kibandani mwenye bisibisi mbili na mashine ya kuchomelea ya kuazima. Atakifungua. Kama hakifunguki atakivunja, akivunje vizuri au vibaya. Mteja wa Nairobi anajua hivyo kabla hata hajatoa pesa, ndio maana ukimwonyesha kitu kipya swali la pili baada ya bei ni "na ikiharibika?" Ukisema uko na warranti anacheka kidogo kwa pua. Ukisema spea iko Kirinyaga Road, anashika mfuko.

Toroli ya pili nikaanza na beringi badala ya umbo. 6203. Ina shimo la milimita 17, nje 40, unene 12, na ukisema hiyo namba kwa duka lolote la spea haulizwi mara mbili. Magurudumu nikaweka mawili makubwa ya wilibaro yenye tyubu, ju pancha inazibwa kila kona, na gurudumu kubwa linapanda shimo ambalo dogo linazama. Sehemu zinazokufa haraka, mkono, sanduku la makaa, vishikio vya kioo, zote nikafunga kwa bolti za 13 ili spana moja imalize kazi. Stenlesi nikabakisha pale tu chakula kinaguswa, kwingine kote mabati na angle line, ile chuma ya umbo la L. Ikawa mbaya kwa macho, nakubali, dizaina mwenzangu aliiona akauliza kama ni mimi ama nimeuziwa. Lakini iliuzwa.

Hapo kwa mabati wacha niwaokoe pesa, maana kila mgeni huanguka hapa. Geji ikipanda namba, bati linakonda. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kijana mmoja aliwahi kutumwa na mimi alete 28, muuzaji akamwambia imeisha lakini ako na 32 "ya juu zaidi", akalipa akaja anatabasamu. Beba vania, kile kipimio cha unene. Kama huna vania inama ukunje kona ya bati kwa vidole, mkono utajifunza haraka.

Sasa soko. Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni kujua kastoma wangu ni nani. Wengi mnaowaona wakisukuma toroli za smokie toroli si zao, kuna mwenye nazo, ako na kumi ama ishirini, na kila jioni wanampelekea hesabu. Kwa hivyo anayenunua anataka bei ya chini na kitu kidumu, anayetumia anataka wepesi na moto usiomchoma mapaja, na hao wawili hawajawahi kukaa meza moja kuongea. Ukimsikiza mmoja tu umekwisha. Mimi huwa naongea na anayesukuma kwanza, peke yake, kabla bosi wake hajafika, ju bosi akifika kijana anasema kila kitu kiko sawa.

Na kuna wale wanataka kumiliki toroli yao. Hawa hawana elfu kadhaa za mpigo, lakini wako na kitu kila siku. Angalia M-KOPA walipoanza kuuza sola hapa Kenya 2012, hawakungoja mtu wa kijijini aweke akiba ya kununua mtambo mzima, ilikuwa unatoa dipoziti halafu shilingi 40 ama 50 kwa siku kwa M-Pesa, kiasi ambacho mtu alikuwa anachoma kwa mafuta ya taa hata hivyo. Ile njia ya kulipa ilikuwa sehemu ya bidhaa kama vile betri. Usiseme "watu hawana pesa". Pesa iko, inakuja kwa vipande, ndio maana mama wa kibanda anapima mafuta ya kupikia kwa kikombe na krediti inauzwa ya tano na kumi. Ingawa hapa mimi na rafiki yangu mmoja wa mambo ya mazingira hatupatani kabisa, ju anasema huo uchumi wa kadogo ndio unajaza mitaro na vipakiti, na sina jibu zuri la kumpa, isipokuwa kwamba mafuta ya kupima hayana kipakiti ukija na chupa yako.

Mkitaka mfano wa kitu kilichofaulu, msiende mbali, shukeni Kamukunji mkaangalie jiko lile lenye kiuno, bati nje na udongo wa kuchoma ndani. Lilianza miaka ya 1980 mwanzoni, na wazo lilitoka Thailand, wao walikuwa na jiko la ndoo. Waliolileta hapa hawakulibeba vile vile. Ule udongo uliwekwa juu tu pale makaa yanakaa, chini pakabaki pa jivu, na chini pakapanuliwa, kwa hivyo ukisonga ugali halikuangukii. Likapunguza makaa kati ya asilimia 30 na 50 ukilinganisha na lile la bati tupu. Lakini mimi kinachonipendeza zaidi ni vile kazi iligawanywa, wafinyanzi wakafinyanga udongo, mafundi wa bati wakaendelea kugonga bati na nyundo zile zile walizokuwa nazo, hakuna kiwanda kipya kilingojewa. Udongo ukipasuka unanunua mwingine unashikiliwa na simiti kidogo, bati linabaki. Nendeni mkasimame pale kelele iko, dakika kumi tu, mtaona pipa la zamani likigeuka jiko mbele ya macho yenu.

Hilo pipa linanileta kwa malighafi. Huku jua kali, yaani kwa sisi mafundi wa vibandani, sehemu kubwa ya chuma tunachotumia kilishakuwa kitu kingine. Januari 2022 serikali iliposimamisha biashara ya skrapu kwa sababu ya watu kuharibu minara na nyaya za stima, mimi sikuuza skrapu hata kilo moja maishani lakini kazi yangu ilisimama pia, kwa maana yule anayenikatia vipande vya angle line alikuwa anavitoa huko. Tangu hapo kila nikichora kitu najiuliza hii chuma inatoka wapi, na nikiwa na njia moja tu najua sina njia.

Na sheria, someni, hata kama inaboa. Notisi ya mifuko ya plastiki ilitoka kwa gazeti la serikali Februari 2017, marufuku yenyewe ikaanza 28 Agosti mwaka huo, faini mpaka milioni 4 ama jela mpaka miaka 4. Miezi sita. Kuna watu nawajua walikuwa wameagiza stoki ya mwaka. Saa hii iko Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na ndani yake mwenye kutengeneza bidhaa anabeba jukumu mpaka baada ya kutupwa, kwa hivyo ukipanga kufungia kitu chako kwa plastiki na thamokoli, jua hiyo bili inakufuata. Alama ya KEBS, wale wa viwango vya ubora, pia usiiache mpaka umeshatengeneza mia moja. Nenda uulize kiwango kinasema nini ukiwa bado uko na karatasi na penseli.

Kuhusu kuibiwa wazo, mtaibiwa. Usajili wa muundo kwa KIPI, ofisi ya serikali ya kulinda ubunifu, unakupa miaka 5, na unaweza kuongeza mara mbili mpaka 15, nendeni kabla hamjaanza kupeleka kitu maonyesho. Lakini toroli yangu ya pili ilikuwa imeigwa shedi ya tatu kutoka kwangu ndani ya mwezi mmoja, na mwenye kuiga akaboresha sanduku la jivu, akaliweka mlango wa pembeni. Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaiga ule mlango.

Zile sita za kwanza niliuza nne kwa hasara, moja ikarudi nikaikatakata. Ya sita nilikuwa nimepoteza habari zake mpaka mwaka jana nikiwa Githurai, nikaona kibanda cha chapati kina kabati la stenlesi limewekwa juu ya matofali, halina magurudumu, kakipocho kangu ka simu bado kako pembeni kamewekwa chumvi. Nikanunua chapati mbili. Nikamuuliza mama mwenyewe hilo kabati alilitoa wapi, akasema kuna mtu wa skrapu alikuwa analiuza kwa kilo, akaona ni zuri ju haliingii panya.