Gasketi haiungui yenyewe: fundi ajibu maswali ya wenye injini za turbo

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Subaru Forester ya 2004, injini ya 2.0 yenye turbo. Hapa Morogoro haina tatizo, ila nikienda nyumbani Iringa, nikianza kupanda mlima Kitonga mshale wa joto nao unapanda. Nikiegesha juu nakuta chupa ya akiba imejaa hadi inamwaga, ilhali rejeta imepungua. Fundi wa kwanza alitoa themostati (mlango unaofunguka kwa joto kupitisha maji ya rejeta), ikatulia kwa muda, sasa imerudi. Wa pili anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, tushushe injini. Nimsikilize? – Baba Ayubu, Morogoro

JIBU: Marahaba, Baba Ayubu. Asishushe kitu kwanza. Huenda ni kweli gasketi, ule utando kati ya hedi (kifuniko cha silinda) na bloku, imeungua, lakini gasketi haiungui yenyewe. Kuna kilichoiunguza, na usipokijua utafunga mpya kisha utarudi Kitonga kuiunguza tena. Hapa karakana yameshaingia magari yaliyofunguliwa hedi mara mbili kwa sababu ya kifuniko kibovu cha rejeta.

Anza na kipimo. Karakana yenye vifaa ina dawa ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa tangi la maji, injini ikiunguruma. Hewa ya tangi ikipita humo na rangi ikageuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo hakuna ubishi. Kama hakuna dawa, tumia asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa: fungua kifuniko cha tangi dogo la juu, washa, tazama. Mapovu machache ya mwanzo si hoja, ni hewa iliyonasa. Yale yasiyokoma, na yanayozidi ukikanyaga mafuta, ndiyo ya kuogopa. Kisha funga, washa tena, ushike mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Ukikakamaa wakati maji bado ni ya baridi, presha hiyo haikuletwa na joto, imetoka kwenye silinda. Angalizo kwa wenye turbo: mvujo mdogo hujificha gari likiwa limesimama, hutokea turbo inaposukuma hewa kwa nguvu. Kwa hiyo kipimo kikionyesha salama na maji bado yanapotea, pima tena baada ya kupanda mlima, kifuniko kikishapoa. Katika kipimo cha dawa maji yasifike kwenye kichupa, na kifuniko hakifunguliwi mpaka kishikike kwa mkono mtupu.

Kipimo kikiwa safi, njoo kwenye vifuniko. Forester yako ina viwili, kimoja juu ya rejeta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu karibu na injini. Vinafanana kwa macho lakini si sawa: springi ya kile cha rejeta ni kali zaidi, ili presha ikizidi ianze kupumulia kwenye tangi la juu. Mafundi huvibadilisha nafasi wakisafisha, au hununua kimoja cha gari lolote almradi kinafunga. Soma namba iliyochapwa juu ya kila kimoja, tazama na mpira wa ndani kama umepasuka. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzi 95. Yafunge kwa presha ya bar 1.1 na hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Tofauti hiyo yote inabebwa na kifuniko ambacho watu hukisahau miaka kumi.

Sasa themostati. Aliyeitoa hakukusaidia. Themostati nzima ikishafunguka haizuii maji kitu. Kuitoa hakuongezi uwezo wa rejeta hata kidogo, kunachelewesha tu joto. Mjini injini inabaki baridi, kompyuta inazidisha petroli, oili inachafuka, na mlimani unarudi palepale. Ile ya injini yako inakaa chini, upande wa pampu ya maji, huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80 na kumalizika kwenye 91. Nunua halisi, na kabla ya kufunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone kwa macho yako inaanza kufunguka wapi. Za bei poa utazijua ukiziweka kiganjani sambamba na halisi: ni ndogo, na tundu lake ni jembamba.

Halafu kuna hewa, na hapa ndipo ninaposhuku zaidi kwako. Injini hii imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, na hewa hupenda kujificha ndani yake. Mfumo mzima hubeba karibu lita 7. Ukimwaga yote kisha zikarudi lita 5 tu na fundi akafunga boneti, umeondoka na lita 2 za hewa, na hewa haipozi hedi. Egesha pua ya gari ikitazama mlimani, hita iwe kwenye moto kabisa, jaza taratibu kupitia tangi la juu huku umelegeza skrubu ya plastiki iliyo kwenye kona ya juu ya rejeta. Maji yakitoka pale bila mapovu, kaza. Washa, acha mpaka feni ziwake na kuzima, ongeza. Anayemaliza kazi hii kwa dakika tano hajaifanya.

Ukiwa hapohapo washa AC: feni zote mbili zizunguke. Piga tochi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Ukipita Mikumi usiku unajua wadudu wanaishia wapi.

Njiani, usisubiri mshale ukuambie. Kwenye magari haya mshale umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda sana. Ukianza kusogea umeshachelewa. Kifaa cha kusoma kompyuta kinachounganishwa na simu kinakupa nyuzi halisi, ila hakikisha programu yake inaelewana na Subaru za soko la Japani za miaka hiyo, si zote zinaelewana. Nyuzi 85 hadi 95 ni kawaida, zikivuka 105 punguza. Na mshale ukishuka ghafla kuwa baridi mlimani, usifurahi: huenda maji yamekwisha na kitambuzi kinapima hewa. Zima hapo hapo.

Kitonga yenyewe usiipande kwa gia kubwa huku umekandamiza mafuta. Hapo turbo inajaza hewa kwa nguvu wakati pampu ya maji inazunguka polepole. Shusha gia, mguu uwe mwepesi, zima AC.

Kama dawa itageuka njano, basi shusheni injini, lakini hedi zote mbili zipimwe kwa rula ya chuma na fila (vibati vya kupimia upenyo) kama zimepinda. Zaidi ya milimita 0.05 ziende mashine, na bloku nayo ipimwe. Gasketi za turbo ni za tabaka za chuma, hazitaki silikoni, zinataka uso laini na tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Mkanda wa taimingi ndio unaozungusha pampu ya maji, basi badilisha vyote viwili wakati huohuo. Na usitishwe na habari za mtandaoni kutoka Marekani kwamba kila Subaru huunguza gasketi. Nyingi zinahusu 2.5 isiyo na turbo, ambayo gasketi yake ya awali ilikuwa ya aina nyingine na huanza kwa kuvuja nje.

SWALI: Kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) ya kijani na ya bluu ipi bora? Na kwa joto la Tanga kuna haja gani, si maji tu yanatosha? – Msomaji, Tanga

JIBU: Rangi ni rangi tu, kila kiwanda hutia yake. Soma kwenye chupa kama inafaa injini za aluminiamu za Kijapani, na usichanganye mbili usizozijua. Barafu Tanga hakuna, lakini kazi ya kulanti si kuzuia barafu tu. Inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu. Maji ya visima vya pwani yana chumvi: nimepasua rejeta ya gari la huko, nusu ya mirija imezibwa na gamba jeupe unaloweza kulibandua kwa kucha. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Dukani ukiomba "maji ya betri" hakikisha wanakupa maji safi na si asidi, maana yote hukaa rafu moja. Na ule unga wa kuziba mivujo uache dukani. Turbo yako inapozwa na maji yanayopita kwenye kibomba chembamba, nao hauchagui tundu la kuziba.

SWALI: Salamu kutoka Nakuru. Niko karibu kununua Prado ya dizeli, ile yenye injini ya 1KZ-TE na turbo. Rafiki ananiambia hizo hupasua hedi. Nikwepe? – Mama Shiru

JIBU: Rafiki yako hajakosea, Mama Shiru, ila sikwepi injini hiyo kwa jina lake. Hedi za 1KZ hupasuka zikichemshwa, na ufa huanzia kati ya valvu pale panapopata moto zaidi. Kwa hiyo unachonunua hasa ni historia ya joto lake. Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika. Fungua rejeta mwenyewe: ukikuta maji meupe ya bomba kwenye gari analosema limetunzwa, bei imeshashuka. Washa utazame mapovu. Kwa dizeli, dawa ile ya bluu hugeuka kijani.

Kisha lipande kuelekea Salgaa na Mau Summit ukiwa na watu ndani, si kuzunguka mtaani. Ukirudi, zima injini, toa ufunguo, sukuma feni kwa kidole. Ikiwa imepata moto inapaswa kukataa kidogo. Ikizunguka raundi kadhaa bila upinzani, klachi ya feni imekufa, na gari hilo limekuwa likipanda milima bila upepo wa kutosha. Uliza pia kama hedi imewahi kuchomelewa. Wapo wanaochomelea vizuri, lakini mimi silipi pesa ya hedi nzima kwa hedi iliyochomelewa.

SWALI: Ni kweli lazima nisubiri kabla ya kuzima gari la turbo? Na petroli ya kawaida ina madhara? – Juma, Mwanza

JIBU: Ukitoka mjini polepole, zima tu. Ukitoka barabara kuu kwa kasi, kilomita ya mwisho iende taratibu, au acha iungurume dakika moja. Kwenye Forester ya turbo lile tangi dogo limewekwa juu kwa makusudi: ukizima, maji ya moto ya turbo hupanda yenyewe kwenda huko na ya baridi hushuka. Lakini tangi likiwa na maji pungufu msaada huo haupo, na oili huungulia ndani ya turbo.

Petroli ya kawaida ina madhara, ndiyo. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chao kinataka oktani (kipimo cha petroli kuhimili kugonga) 96 au zaidi. Ya chini hugonga kwenye silinda mlimani, na kugonga huko hupiga gasketi hata kama mshale wa joto umetulia. Uliza kituoni namba ya oktani kabla hawajaanza kujaza. Ukisikia mlio wa kokoto ukikanyaga mafuta, achia mguu na upande taratibu mpaka utakapopata ya juu.