Kuhusu neno ulilomwambia mdogo wako

Dada yangu, umesema ulimwita mdogo wako "mzigo" mbele ya wateja pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na sasa wiki ya pili hasemi nawe. Pole sana. Usimtumie ujumbe wa simu. Mfuate mwenyewe jioni, dagaa wakishaanuliwa, ulitaje neno lile lile na ukiri halikuwa kweli. Usiongeze "lakini na wewe". Hapo msamaha wote unaharibika. Na kwa kuwa ulimwaibisha hadharani, msifu hadharani, mbele ya wateja wale wale.

Mimi niliwahi kumwambia mwanangu "huna akili" kwa sababu ya ndoo ya maji iliyomwagika. Baadaye nikamsikia akimwambia mdogo wake hivyo hivyo, kwa sauti yangu kabisa. Siku hizi nikikasirika naosha vyombo kwanza, ndipo naongea.