Kuku anaatamia, wenzake wana mafua: mayai yatupwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku 15 wa kienyeji uani, Tabata Segerea. Wiki mbili zilizopita nilileta jogoo kutoka sokoni. Sasa kuku wanne wamevimba uso, mmoja jicho limefumba kabisa, na pua zinatoa makamasi yanayonuka. Mtetea mmoja anaatamia mayai 12, leo siku ya tisa. Naye kajikunyata, upanga umepauka, kinyesi chake kinanuka mno. Kaugua? Mayai niyatupe? Jirani anasema nifungue vidonge vya rangi mbili niviweke kwenye maji yao.

JIBU: Marahaba mama. Mayai usiyatupe. Uso kuvimba, hasa upande mmoja, pamoja na makamasi yenye harufu mbaya ni dalili za mafua ya kuku. Yanaletwa na bakteria, na kuku aliyepona hubaki nayo akionekana mzima. Jogoo wako huenda alikuja hivyo. Bakteria hao hawapiti ndani ya yai.

Huyo anayeatamia mwangalie pua na macho tu. Kama ni makavu, huenda hajaugua. Anayeatamia hupauka upanga, hukonda, hutuna manyoya, na hujizuia hadi atoke mara moja kwa siku. Ndiyo maana kinyesi ni kikubwa na kinanuka kuliko cha wenzake. Ukimsogelea akatuna na kukudonoa, ni dalili ya uzima.

Usimhamishe, maana katikati ya kuatamia anaweza kususa. Hamisha wagonjwa wanne na huyo jogoo, mbali na upepo unaoelekea bandani. Mafua huenea zaidi kwenye maji ya pamoja, kwa hiyo mtetea awe na bakuli lake la maji na la chakula, kiota kizungushiwe wavu. Mtoe mara moja kwa siku dakika 20 hivi, peke yake; kwa joto la Dar mayai hayatadhurika. Mhudumie yeye kwanza, wagonjwa mwisho, kisha nawa mikono na osha kandambili. Vyombo vya maji vioshe kwa sabuni, viloweke dakika 10 kwenye maji yenye kijiko kikubwa cha JIK kwa lita, halafu suuza.

Usiku mulika mayai kwa tochi ya simu. Lililo hai lina mishipa iliyotawanyika na doa jeusi linalocheza. Lililo jeupe lote ni yai viza, litoe kabla halijaoza na kupasuka juu ya mengine.

Vidonge vya jirani viache. Hujui kila kuku atapata kiasi gani, wala usubiri siku ngapi baada ya dawa ndipo mayai yao yaliwe. Duka la dawa za mifugo ulizia oksitetrasaiklini ya unga ya kuku, pima kama kibandiko kinavyosema, na utumie siku zote zilizoandikwa hata kama uvimbe umeshuka siku ya pili. Kuku 14 hunywa kama lita 3 hadi 4 kwa siku, kwa hiyo changanya lita 2 asubuhi na 2 mchana, kivulini, na usiwape maji mengine. Siku hizo ondoa maganda ya konokono na chokaa kwenye chakula, vinaifunga dawa isifanye kazi.

Hapa ndipo wengi hukwama: mgonjwa asiyeona hanywi, na anayeatamia hunywa mara moja tu. Dawa ya kwenye ndoo haiwafikii. Mgonjwa mdondoshee maji ya dawa pembeni mwa mdomo kwa sirinji isiyo na sindano, kidogo kidogo, akimeza ndipo uongeze. Ukimjaza kwa nguvu yataingia kwenye mapafu. Jicho lililofumba lioshe kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi, mara mbili kwa siku. Loanisha kope kwanza, usizibandue kavu.

Ila kama kuna kuharisha kijani, shingo kupinda au vifo vya ghafla, huenda ni kideri, ugonjwa wa virusi, na dawa hizi hazikiponyi. Usiuze hata mmoja; mwite afisa mifugo wa kata. Aliyekufa leo mfunge kwenye mifuko miwili, mweke kwenye barafu bila kumgandisha, mpeleke maabara ya Veterinari Temeke.

Chanjo ya kideri ya matone subirini wapone kwanza: tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Anayeatamia unamdondoshea usiku akiwa hapo hapo kiotani.

Jogoo na wanne hao, hata wakipona, ni wa kitoweo baada ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kwisha. Msiwarudishe bandani, na vifaranga wakiangua wakae na mama yao mbali nao.