Jibu: eksteno imejaa bekapu za zamani, ufute zipi na ufuteje

Mkuu pole. Kama nimekuelewa, laptopu yako ni ya GB 256, diski C (yenye Windows) imekuwa nyekundu imebaki GB 4, eksteno (diski ya nje ya kuchomeka) ya TB 1 nayo imejaa mabekapu tangu 2018 hujui lipi ni lipi, na kuna mtu kakushauri uifomati uanze upya. Usifomati. Mimi nina steshenari huku Morogoro, kazi ni kuchapa, kutoa kopi, kadi za harusi na picha za paspoti, na hayo yako nimeyapitia yote mpaka lile la kufuta kitu cha mteja halafu anakuja kukiulizia, ntakwambia huko chini.

Kwanza mjue mla nafasi ni nani, maana wengi tunaanza na miziki na video za watoto kumbe mwenyewe kajificha kwingine. Shusha WizTree au WinDirStat, zote bure, skani C halafu eksteno, zitakupangia mafolda kuanzia kubwa. Na ukiona eksteno ya TB 1 inasoma GB 931 usidhani umepigwa dukani, kiwandani wanahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024, hata hiyo 256 yako itasoma 238.

Ya kwangu nilivyoiskani nikakuta folda inaitwa FileHistory peke yake imekula zaidi ya GB 600. Hiyo ni bekapu ya Windows yenyewe, niliiwasha mwenyewe 2019 nikasahau. Ukiiacha ilivyo, kila saa moja inapita kuangalia faili gani limebadilika halafu inatunza kopi nzima mpya, siyo yale mabadiliko tu, na imewekwa itunze milele. Sasa we fikiria kadi ya harusi ya Photoshop ya MB 180, leo bibi harusi anataka rangi ya dhahabu, kesho shangazi anasema jina la marehemu babu limesahaulika, keshokutwa ukumbi umebadilika. Nikakuta kadi moja ya 2020 ina kopi 23, jina lilelile, tofauti ni tarehe na saa iliyobandikwa mwishoni mpaka sekunde (saa zake ni za UTC, yaani saa za kimataifa, ziko nyuma ya zetu kwa masaa matatu, usichanganyikiwe). Hao maharusi sa hivi wana watoto wawili na mimi bado nawatunzia rangi waliyoikataa.

Ila hapo usiingie ukafuta kwa mkono, maana ile programu ina orodha yake ya kila ilichotunza, utaivuruga. Ingia Control Panel, File History, Advanced settings, halafu Clean up versions. Itakuuliza ifute za zaidi ya muda gani, yenyewe imejiwekea mwaka mmoja, au ibakize ya mwisho tu. Hata ukichagua kali kiasi gani, kopi ya mwisho ya kila faili haiguswi. Mimi nilichagua hiyo ya mwisho tu, nikaiacha inafuta saa tatu usiku maana vifaili vidogo maelfu kwa maelfu ni kazi ya usiku kucha, saa nane LUKU ikakata, betri nayo ni hizi za mtumba dakika 20 chali, asubuhi nikaanza upya. Ilirudisha kama GB 480 hivi. Ukiwa hapohapo badilisha ile kila saa iwe mara moja kwa siku na ile milele iwe mwaka mmoja, la sivyo utarudi na swali hilihili.

Kwa upande wa C ni fasta. Kama ulipanda kutoka Windows 10 kwenda 11 karibuni angalia folda ya Windows.old, kwa kawaida inajifuta baada ya siku 10 ila ukitaka kuiwahi nenda Settings, System, Storage, Temporary files, tiki Previous Windows installation, ukijua kwamba hapo huna tena njia ya kurudi ulikotoka. Halafu Disk Cleanup, Clean up system files, More Options, futa restore points (kumbukumbu za kuirudisha Windows ilivyokuwa siku za nyuma), inabakiza ya mwisho. Na kama kuna mtu aliwahi kuchomeka iPhone ukaifanyia bekapu na iTunes basi hapo ndo kuna nyama. Mimi nilikuwa na GB 50 za simu ya shemeji ambayo alishaiuza! Folda zake majina yake ni herufi na namba ndeefu hazisomeki, usibahatishe, zifutie ndani ya iTunes yenyewe, Edit, Preferences, Devices, pale unaona jina la simu na tarehe. Nilimpigia shemeji kwanza lakini.

Sasa zile folda ulizokopi kwa mkono ndo mtihani. Kwangu zilikuwepo "bekapu", "bekapu mpya", na "bekapu mpya kabisa". Nikasema mpya kabisa si ina kila kitu, nikapiga Shift na Delete, ile inayofuta moja kwa moja bila kupitia Recycle Bin, kwenye mbili za kwanza. Kumbe hiyo mpya kabisa niliitengeneza siku nahama laptopu, nikabeba Desktop na Pictures tu, kazi za wateja zilikuwa diski D na sikuzibeba. Miezi inapita, anakuja mzee mmoja katibu wa kikundi chao cha kuzikana, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tunabadilisha kifungu cha 14 kwenye katiba, si unayo humo kwenye kompyuta? Nikajaribu Recuva, programu ya kurudisha vilivyofutwa, faili likarudi jina tu, ukilifungua ni michoro michoro, maana juu yake nilishajaza masizoni. Nikaichapa upya kurasa 27 kutoka kwenye fotokopi yake yenye madoa ya chai, bure, na yeye kakaa kwenye benchi ananisubiri.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijafuta nalinganisha kwa FreeFileSync, inaweka folda mbili ubavu kwa ubavu na kukuonesha mafaili yaliyopo upande mmoja tu. Usibonyeze kitufe cha kusinkronaizi, we linganisha tu, yale ya upande mmoja yahamishe kwanza kisha ndo ufute. Na ukifuta kawaida kwenye eksteno nafasi hairudi mpaka umwage Recycle Bin eksteno ikiwa imechomekwa, hili huwa linawatesa watu sana. Halafu kama faili ulishalitoa kwenye laptopu kwa sababu lipo eksteno basi hilo siyo bekapu tena, ndo faili lenyewe, na ndo maana nakwambia usifomati.

Yule mzee bado anapita dukani, hata salamu hasubiri, anachungulia mlangoni, "kijana, kifungu cha 14 kipo?" Kipo mzee, kipo sehemu mbili.