Daftari la baba limekwama kwenye kompyuta mpya

SWALI: Assalam aleikum, Mama. Nina duka Langoni, Lamu: misumari ya majahazi, kamba, pamba ya kalafati, mafuta ya sifa. Mwaka 1996 baba alinunua programu ya hesabu, ile ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, yenye skrini nyeusi, na mikopo yote ya manahodha imo humo. Sasa nimeleta kompyuta mpya ya Windows 11 kutoka Mombasa. Nimenakili folda nzima, lakini nikibofya naambiwa programu hii haiwezi kufanya kazi hapa. Fundi asema nianze upya na programu nyingine. Nifanyeje?
Mwenye duka, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usianze upya, na ile kompyuta kuukuu usimpe mtu.

Hukukosea kunakili. Programu za DOS za miaka ile ni za biti 16, yaani zimeundwa kwa kompyuta zilizoshika data kidogo kwa mara moja. Windows ya biti 32 ilikuwa bado inazipokea. Ya biti 64 haizipokei kabisa, na Windows 11 haikutolewa ila kwa biti 64. Kwa hiyo hata ukiingia kwenye mipangilio ukaiambia ijifanye Windows XP, hutapata kitu. Njia hiyo huzifaa programu zilizotengenezewa Windows yenyewe. Niliwahi kupoteza siku tatu nikihangaika nayo katika nyumba moja ya wageni kule Shela, wageni wako mlangoni na mwenyewe amenisimamia. Sitaki yakukute.

Kinachokufaa ni DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS ndani ya Windows, nayo ni bure. Folda iweke kwenye C, uiite DUKA. Fungua DOSBox, andika mount c c:\duka, kisha c:, kisha jina la programu. Kama unatoa risiti, chukua DOSBox-X, maana ile ya kawaida haichapishi.

Lakini DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya zamani, na duka la watu lisiitegemee miaka kumi mingine. Tazama ndani ya folda kama kuna faili zinazoishia na .dbf. Programu nyingi za hesabu za wakati huo ziliweka kumbukumbu zao humo, na LibreOffice Calc, programu ya majedwali ambayo pia ni bure, huzifungua. Fungua nakala, faili asili usiiguse, kisha uihifadhi kama jedwali la kawaida. Usipoziona, niandikie tena.

Nakukazania kwa sababu ya hayo madeni. Deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Pengine katika manahodha hao wapo waliotangulia mbele ya haki, na watoto wao watakuja kukuuliza marehemu alidaiwa ngapi. Uwe na la kuwajibu, na aliyelipa naye aonekane amelipa. Weka nakala mbili, moja kwenye flashi nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye nje ya kisiwa. Hewa yetu ya chumvi inakula mashine.

Tena, katika .dbf jina la safu halizidi herufi 10, basi utakuta vifupisho alivyovizoea baba peke yake. Keti naye baada ya Alasiri, umsomee kimoja kimoja, uandike maana yake pembeni maadamu yupo wa kukwambia.