Uchaguzi Ukiitishwa Japani, Toka Nje Ujifunze Kijapani

Kama unasoma Kijapani na maneno ya siasa hayakukai kichwani, subiri msimu wa kampeni. Mimi nilikariri orodha wee, ikawa kazi bure, mpaka magari ya wagombea yalipoanza kuzunguka mtaani kwetu Saitama. Senkyo ni uchaguzi, na senkyo kaa ni gari la kampeni lenye vipaza sauti. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku linarudia jina la mgombea na kuomba kura. Ni kero, ila kwa mwanafunzi ni mwalimu wa bure.

Halafu simama kwenye ubao wa mabango. Majina mengi utayakuta kwa hiragana, herufi rahisi za sauti, hata ya watu wenye kanji zao nzuri tu, zile herufi za Kichina. Sababu ni kwamba mpiga kura wa Japani haweki alama ya vema, anaandika jina la mgombea kwa mkono wake, na hakuna mgombea anayetaka kura ipotee kwa kanji ngumu. Hapo anayeanza kusoma anapata ahueni.

Mgombea ni kōhosha. Kugombea kuna maneno mawili, na hapa wengi huchanganya. Shutsuba husikika mtu anapotangaza nia. Rikkōho ndiyo lugha rasmi, ile ya kurudisha fomu. Magazetini, kando ya jina huwekwa kanji moja: gen anatetea kiti, shin ni mgeni kwenye ulingo, moto aliwahi kukikalia. Ukiona mushozoku, huyo ni mgombea binafsi.

Usiku wa matokeo usilale mapema. Vituo vingi vya kupigia kura vinafungwa saa 2 usiku, na hapo hapo televisheni inaanza kubandika tōkaku kwenye majina, yaani huyu kapita kwa makadirio, ingawa kaihyō, kuhesabu kura, ndiyo kwanza kunaanza. Aliyeshinda, tōsen, anapiga banzai, ukelele wa shangwe, na kumchora daruma, mwanasesere wa bahati aliyeanza na jicho moja, jicho lililobaki. Aliyebwagwa ni rakusen, anainamisha kichwa mbele ya wafuasi. Ukiziangalia tōsen na rakusen pamoja na senkyo, zote zina kanji ile ile ya sen.

Tena tōsen na rakusen hazitumiki kwenye siasa peke yake. Tiketi za matamasha Japani mara nyingi hutolewa kwa droo, na barua pepe ya majibu huja na maneno yale yale: tōsen ukipata, rakusen ukikosa. Mimi nimeshakula rakusen za kutosha bila kugombea hata udiwani.